Umeona Nini Huko

Umeona nini huko, aliniuliza mama,
shazia mkononi, gunia kati ya magoti,
ukungu wa Isyonje umeshaingia jikoni
bila hodi.

Nimeona Bogota, mama.
Matofali mekundu mpaka macho yanachoka,
milima imesimama ubavuni mwa mji
kama Loleza inavyoichungulia Mwanjelwa.
Nilibeba nguo nyepesi. Nani aliniambia
Amerika ya Kusini ni jua tupu?
Nikaishia kwenye lile koti lako la sufu,
la mnada wa Uyole, siku tisa mfululizo.

"Kumbe na wao wana baridi."
Akavuta uzi.

Nimepanda kilima kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya.
Nilifumba macho. Nilipofumbua, juu,
mji wote ulikuwa chini kama mahindi yaliyoanikwa,
hauna mwisho, mama, hauna mwisho,
na mvua ikaja saa nane, kama ya kwetu,
na wauza miavuli wakachipuka kabla ya tone la pili.

Nimeingia nyumba ya dhahabu.
Vidani, vinyago, kimtumbwi cha kutosha kiganjani,
vimelala nyuma ya kioo, vinamulikwa taa.
Nikamkumbuka mjomba Ambakisye,
miaka kumi na moja mashimoni Chunya,
akarudi na kikohozi na redio.
Sikukaa sana humo.

"Na chakula?"

Hapo ndipo nilipocheka.
Sokoni nilikuta kibao: PAPA.
Nikasema, huku milimani, papa katoka bahari ipi?
Nikasogea. Viazi, mama.
Viazi! Vyekundu, vyeusi kama usiku wa Kitulo,
vya njano vidogo kama gololi,
vingine vimepinda kama kidole gumba cha babu,
na kila kimoja kina jina lake.
Milima ile ndiko kwao. Hivi vyetu ni wajukuu
waliohama zamani, wakasahau kuandika barua.

Nikatoa simu nipige picha.
Mwenye meza, Nubia jina lake,
akaweka kiganja mbele ya simu: nunua kwanza.
Sijui Kihispania, ila sentensi ile niliielewa,
ni yako wewe, ile unayowaambia watalii
wanaoteremka Kitulo na kamera shingoni.
Nikanunua kilo mbili
na sikuwa na sufuria.

Akacheka, akanielekeza kwa kidevu kibanda cha supu.
Kuku, viazi vya namna tatu, kipande cha hindi la kuchemsha,
na majani fulani yanaelea. Niliyatazama.
Mama, ni lile gugu letu,
lenye viua vyeupe na jicho la njano,
lile unaloling'oa kila palizi
ukililaani mpaka kizazi cha tatu.
Wao wanalichuma, wanalikausha, wanaliuza kwa mafungu.
Bila hilo, waliniambia kwa mikono, hii si supu.

Mama akaacha kushona.
"Tumwitike. Umeuza ng'ombe wawili,
umekaa angani siku mbili,
ukaenda kuangalia viazi na magugu?"

Ndiyo, mama.

Alicheka hadi kitenge kikamdondoka begani,
akakiacha hukohuko.

Kisha akanyamaza. Akalipiga gunia kofi
pale kichwani, lilipovimba,
pale dalali anapotaka livimbe zaidi.
"Na hao wanaomletea Nubia mzigo," akasema,
"wanapimiwa kwa mzani,
au na huko kuna lumbesa?"

Nilifungua mdomo.
Picha mia nne na kumi zimo kwenye simu,
ya kilima, ya mtumbwi, ya mvua, ya kiazi cheusi
kilichokatwa katikati, ndani zambarau.

Sikuuliza, mama.

"Basi ulipita tu."
Akanisogezea ncha ya pili ya uzi.
"Shika hapa. Vuta. Zaidi."